Msiba wa Waya

Nimerudisha ngazi, mkanda wa kupandia nguzo na koleo mbili. Karani wa stoo akaniuliza kofia ya plastiki iko wapi. Nikamwambia iliangukia ziwani Homa Bay enzi ambazo yeye alikuwa bado ananyonya, na kama kampuni inaihitaji sana, aende akaulize viboko. Akaniangalia, akapiga muhuri. Ndivyo mtu anavyostaafu katika runinga ya waya. Keki hakuna.

Nyinyi mnaobaki mmeniomba niandike machache kuhusu kazi. Nadhani mlitaka mawaidha, na hayo sina. Vyeo na mishahara sivitaji, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua. Nitaandika kuhusu siku yangu ya kwanza, kuhusu Mzee Chacha, na kuhusu ile wiki kampuni ilipojigawa vipande viwili, kwa sababu nimesikia mkisimuliana kisa hicho na mnakisimulia vibaya.

Siku ya kwanza niliripoti ofisi ya Migori nikiwa na sketi ya kanisani. Mama yangu, kule Kosele, aliamini kwamba kazi yoyote yenye neno kampuni huanza na sketi. Nilipofika uani nikaona gumbuti mbili nyekundu, zile buti za mpira, zimeshikilia nguzo, juu kabisa, na ndani ya gumbuti alikuwemo mtu.

"Wewe ndio fundi mpya?" sauti ikauliza kutoka huko juu.

"Ndiyo, mzee."

"Na hiyo sketi ni ya kupandia nguzo?"

"Ni ya kuripotia kazi, mzee."

"Basi umesharipoti. Enda utafute suruali."

Yote hayo aliyasema bila kuangalia chini. Uso wake niliuona jioni, aliposhuka kunywa chai, nao ulikuwa uso wa kawaida tu, wenye pengo la jino mbele. Huyo ndiye Mzee Chacha Mwita, Mkuria wa Ntimaru, aliyevuta waya wa kwanza wa mji wa Migori kwa mikono yake. Zile gumbuti alizinunua Macalder, kwa mchuuzi aliyewauzia wachimbaji wa dhahabu, na rangi ilikuwa nyekundu kwa sababu nyingine zilikuwa zimekwisha. Aliamini mpira wa gumbuti unamkinga na umeme. Kupandia nguzo na gumbuti ni wazimu, lakini hakuwahi kuanguka, na sisi tuliovaa viatu vya kampuni tulianguka.

Miaka yote hiyo watu wa Migori walimjua kwa nyayo. Ukiuliza sokoni, "Mnamjua Chacha wa waya?" wanakwambia hawamjui. Ukisema wa gumbuti nyekundu, hata watoto wanakuonyesha nguzo aliyoko. Dholuo, lugha ya Wajaluo, alijifunzia juu, akisikiliza ugomvi wa watu walio chini, kwa hiyo alijua matusi vizuri sana na salamu kwa shida. Mimi aliniita Nyar Kosele, binti wa Kosele, kama Wajaluo wanavyomwita mwanamke aliyeolewa mbali na kwao, na jina hilo likanishika hadi kwenye kitambulisho cha kazi.

Alinifundisha mengi, na karibu yote hayamo kwenye kitabu cha mafunzo. Kwamba juu ya nguzo mkono mmoja ni wa kazi na mwingine ni wa watoto wako. Kwamba mita ya kupimia mawimbi husema uongo wakati wa mvua, kwa hiyo upime uso wa mteja. Kwamba mpira ukikatika katikati ya mechi Homa Bay, uende bila ngazi, kwa sababu ngazi ndiyo inayowaonyesha watu nani wa kupigwa. Na kwamba ziwani kuna majira ya vidudu vidogo vinavyopanda kutoka majini kama moshi. Vikiingia kwenye visanduku vya kuongezea nguvu mawimbi, runinga za mji mzima huanza kuonyesha chenga kama theluji. Siku hizo tulibeba ufagio wa jikoni. Meneja mmoja aliuona kwenye gari akatuuliza kama tumefungua idara ya usafi.

Kesi iliyonitoa jasho ilikuwa Kosele, kwetu. Mteja aliyelipa alikuwa mmoja na runinga zilizokuwa zikipata picha zilikuwa za soko zima, kinyozi, muuza nyama, hadi mwenye posho mill ya kusaga unga. Mwizi wa waya, tulipofuata waya, akawa baba yangu mdogo. Alinipokea kwa furaha kubwa, akaamuru kuku akimbizwe.

"Yaye, Mungu ni mwema! Mtoto wetu amekuja na gari ya kampuni!"

Nilimpigia simu Mzee Chacha nikamwuliza nifanye nini.

"Kuku amepikwa?"

"Ndio anakimbizwa."

"Basi haraka. Kata kwanza halafu ule. Ukila kwanza, hutakata."

Nilikata kwanza. Kuku aliiva hata hivyo, na baba mdogo alinipa kipapatio kwa mkono wa hasira. Hatukuzungumza hadi Krismasi.

Sasa niseme kuhusu Chaneli ya Nyumbani, maana hapo ndipo kisa kilipo. Kati ya vituo vyote tulivyoleta, vya mpira, vya sinema na vya wahubiri wenye suti, kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kile kidogo tulichokiendesha wenyewe kwenye chumba cha mitambo nyuma ya ofisi. Kamera moja, pazia la bluu, na Mama Rispa akisoma matangazo ya vifo saa saba mchana na saa moja jioni. Mji mzima ulinyamaza akisoma. Kama hamjakulia huku mtashangaa, lakini tangazo la kifo cha Mjaluo halisemi tu nani amekufa. Linasema alikuwa mume wa nani na nani, baba wa nani, shemeji wa nani wa wapi, mkwe wa nani wa wapi. Mtu huishi miaka sabini akijengea orodha hiyo, na kutajwa humo ni kuthibitishwa kwamba ulikuwepo.

Mara moja Mama Rispa aliruka nyachira, yaani mke wa pili, wa marehemu fulani. Haikuwa kusudi, karatasi ilikuwa imekunjwa. Saa nane nyachira akawasili ofisini na dada zake, kila mmoja na kigoda chake, wakaketi mapokezi na kuanza kuomboleza. Wateja wakaingia, wakadhani aliyekufa ni meneja, wakatoa pole. Meneja mwenyewe alitoka akapewa pole yake mwenyewe. Jioni tangazo lilisomwa upya, nyachira akatajwa mara mbili kwa usalama, na wale wanawake wakabeba vigoda vyao wakatushukuru.

Mzee Chacha alikuwa akicheka hadi anashika nguzo.

"Nyinyi Wajaluo! Sisi kwetu mtu akikufa tunamzika. Nyinyi lazima mumsome kwanza."

Alisema hivyo miaka mingi. Kumbukeni maneno hayo.

Alistaafu kabla yangu. Miguu ilimvimba, gumbuti zikakataa kuingia, akaziweka mlangoni mwa nyumba yake nyuma ya soko na mkewe, Boke, akapanda vitunguu ndani yake. Nilimtembelea kila wiki kumpasha habari, na habari ya mwisho haikuwa nzuri.

Tuliitwa Homa Bay, hoteli moja yenye ukumbi, tukapewa soda na sambusa. Sambusa za kampuni ni dalili mbaya siku zote. Kutoka Nairobi alikuja dada mmoja aitwaye Wanja, mchangamfu, mwenye mashine ya kurusha picha ukutani. Akatueleza kwamba watu siku hizi wanatazama kwenye simu, wanachagua wanachotaka saa wanayotaka, na hali ni hiyo dunia nzima: kampuni kubwa zinatenga vituo vya waya upande mmoja na utazamaji wa mtandaoni upande mwingine. Kwa hiyo na sisi tutakuwa kampuni mbili. Ile mpya itachukua mpira, tamthilia na vijana. Ile ya zamani itabaki na vituo vilivyosalia, nguzo, nyaya na, aliangalia ukumbi, "wenzetu wenye uzoefu." Na kwa kuwa waya wa Migori umechoka kuliko wote, huo hautabaki hata na kampuni ya zamani. Utazimwa Ijumaa.

Mama Rispa akainua mkono.

"Madam, kwetu kijana akihama boma ya baba yake kujenga yake, anatoka na jogoo na shoka, na baba ndiye anaenda mbele kumwonyesha mahali. Sasa huyu wetu ameonyeshwa mahali na baba, ama ameamka tu akatoroka na jogoo?"

Wanja akafikiri, akaandika. "Asante, mama. Suala la jogoo tutalifuatilia."

Ukumbi ulicheka hadi sambusa zikaanguka. Mimi nikauliza la kwangu: Chaneli ya Nyumbani inaenda upande gani? Akapekua karatasi za upande huu, akapekua za upande ule. Haikuwemo popote. Akasema labda baadaye matangazo ya vifo yawekwe kwenye simu, akatuonyesha mfano: picha ya mzee mmoja wa kubuni, na baada ya muda mfupi kikatokea kitufe pembeni kilichoandikwa "Ruka". Kicheko kikakatika pale pale. Hata yeye aliona kuna jambo, akazima ukuta.

Nilimpelekea Mzee Chacha habari nikitarajia atacheka. Alikuwa ameketi mbele ya runinga, miguu juu ya kigoda. Hakucheka.

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii, mzee."

Akapunguza sauti ya runinga. Kisha akasema polepole, "Mimi nilikuwa nangojea tangazo langu."

"Tangazo gani?"

"La kifo. Lisomwe na Rispa. Kwa hii waya yangu."

"Si ulikuwa unatucheka?"

"Nilikuwa nacheka nikiwa na miguu." Akaelekeza kidole mlangoni, kwenye gumbuti za vitunguu. "Mji huu wananijua miguu tu, Nyar Kosele. Nimewaletea hadi mpira wa ulaya sebuleni, na hakuna mtu anajua jina langu. Nilisema, sawa, siku moja Rispa atanisoma jina lote, na watu wangu wote, na watu watasema, kumbe ni huyo. Na siwezi kufa kabla ya Ijumaa. Nimejaribu kupiga hesabu, haiwezekani."

Niliumia. Nilijifanya nakohoa, lakini niliumia sana. Mtu aliyenifundisha kazi alikuwa ananiomba kitu kidogo kuliko vyote alivyonipa, na nilikuwa na siku chache za kukitafuta.

Nikasema tutamsoma akiwa hai, tutasema ni makosa ya mitambo. Boke alikuwa mlangoni na jembe.

"Umtangaze akiwa anapumua? Ndio umuite hicho kifo kije? Hapa kwangu hapana! Mkitaka kutangaza maiti, tafuteni maiti!"

Mzee Chacha akainua kichwa. Akaangalia ukutani, mahali waya mweusi ulipoingilia nyumbani kutoka nguzoni.

"Maiti ipo," akasema.

Kutunga lile tangazo kulituchukua mimi na Mama Rispa siku nzima, kwa sababu tulibishana kuhusu ukoo. Mimi nilisema nguzo za stima ni wakwe wa waya, maana unawategemea na hawakupendi. Yeye akasema ni waume. Tuliafikiana kwamba waya wa Homa Bay ni dada, aliyeolewa kwa kampuni ya zamani. Kuhusu baba hatukubishana. Na kwa desturi, baba mfiwa lazima atajwe na watu wake wote.

Ijumaa Mzee Chacha alivaa koti. Shemeji yake Nyamohanga, kaka yake Boke, alisafiri kutoka Ntimaru, kwa kuwa waya haukufika kwao hata siku moja na alitaka kulisikia jina lake likitoka kwenye runinga angalau mara moja. Alikuja na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akaketi karibu kabisa na kioo cha runinga. Hayo nilihadithiwa na Boke. Mimi nilikuwa chumba cha mitambo, na Wanja alikuwa pembeni yangu, simu sikioni, amekuja kusimamia uzimaji.

Saa saba Mama Rispa akavaa miwani.

"Kwa huzuni kubwa, tunatangaza kifo cha Waya wa Migori, kilichotokea leo baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa dada wa Waya wa Homa Bay, mkwe wa nguzo za stima, na rafiki wa kila sebule iliyolipa na isiyolipa..."

"Huyu Waya ni nani?" Wanja akaninong'oneza.

"Ni hiyo uliyokuja kuzima."

Akaangalia mitambo, akamwangalia Rispa. Simu ikanguruma, Nairobi walikuwa tayari.

"Ngojeni kidogo," akawaambia. "Ngojeni, tafadhali, huku kuna msiba."

Sikumsamehe kwa ile Ruka yake, lakini kwa neno hilo nilimwagizia chai baadaye.

"...Marehemu," Rispa akaendelea, bila haraka, kama anavyomsoma chifu, "alikuwa mtoto wa Mzee Chacha Mwita wa Ntimaru, yule wa gumbuti nyekundu, anayeishi nyuma ya soko. Mzee Chacha ni mume wa Boke. Ni baba wa Robi na Marwa. Ni mwalimu wa Nyar Kosele. Ni shemeji wa..."

Giza. Nairobi walikuwa wamengoja vya kutosha.

Kule nyumbani, Boke aliniambia, Nyamohanga alibaki akitazama kioo cheusi, pua yake ikionekana humo. Kisha akasema, "Wamenikata mimi."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilisahau kwamba huku kwetu tangazo likishasomwa, kukaa nyumbani ni utovu wa adabu. Nilipofika nyuma ya soko, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wamama wa samaki wamekuja na sukari. Muuza chipsi ameleta viti. Fundi mmoja wa majeneza aliuliza, kwa upole tu, kama vipimo vimechukuliwa. Mwenye saluni alikuwa amekata kipande cha waya wa kwake, akakileta kimefungwa na kitambaa cheupe. Wengine walikuwa wanacheka, wengine nawaambieni walilia kweli, na wachache walikuwa wanafanya yote mawili. Wote walipanga mstari kumshika mfiwa mkono.

"Pole, mzee. Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Kumbe una uso!"

"Nimekuwa nao siku zote," Mzee Chacha akajibu, na machozi yanamteremkia kwenye pengo la jino. "Nyinyi hamkuwa mnaangalia juu."

Jioni watu walipopungua, alinivuta karibu. Nilitegemea shukrani.

"Shemeji hakutajwa," akasema.

"Nairobi walikata, mzee. Tutamtaja siku yako ya kweli."

"Wapi? Chaneli imekufa."

Nikainuka. Nilimsaidia Boke kuosha vikombe.

Nilifanya kazi upande wa zamani hadi kustaafu, Homa Bay, na ufagio wangu. Matangazo ya vifo kwenye simu hayakuja. Mzee Chacha amefariki mwaka huu, kabla ya mvua. Tulimzika Ntimaru, tukiwa wachache, na nyinyi mliponiona nimerudi kazini na matope kwenye viatu mliniuliza nimetoka wapi. Nikasema, kumzika Mzee Chacha. Mmoja wenu akauliza, "Mzee gani?" Sikukasirika. Ungejuaje, na hakuna mahali palipokuambia?

Basi mmeniomba niandike. Nimeandika, na kama kuna mtu amezoea kuruka, asome hapa taratibu.

Kwa huzuni kubwa natangaza kifo cha Mzee Chacha Mwita wa Ntimaru, fundi wa waya, wa gumbuti nyekundu. Marehemu alikuwa mume wa Boke. Alikuwa baba wa Robi na Marwa, na baba wa Waya wa Migori aliyemtangulia. Alikuwa mwalimu wa Nyar Kosele. Alikuwa shemeji wa Nyamohanga wa Ntimaru.